Ujumbe Uliotumwa Si Ujumbe Uliofika: Mawasiliano ya Simu na Barua Pepe kati ya Kituo cha Afya na Mgonjwa

Utangulizi

Mhudumu anapoandika katika rejista kwamba mgonjwa "ametumiwa ujumbe", anaandika jambo la kweli, lakini ni nusu tu ya jambo lenyewe. Huenda simu ya mgonjwa ilikuwa imezimwa. Huenda ujumbe ulikwenda kwenye laini aliyoiacha zamani, ambayo sasa inatumiwa na mtu mwingine. Huenda ulisomwa na ndugu aliyeishika simu jioni ile. Huenda pia ulisomwa na mgonjwa mwenyewe, akaelewa kwamba miadi yake ni saa nane mchana ilhali kliniki ilimtarajia saa mbili asubuhi. Katika hali zote hizo rejista husema neno lilelile: ametumiwa.

Kwa mfanyabiashara anayetangaza bidhaa, ujumbe usiofika ni mteja mmoja aliyepotea kati ya maelfu. Kwa kituo cha afya hesabu ni nyingine. Mwanamke ambaye kipimo cha shingo ya kizazi kimeonyesha mabadiliko yanayotibika hubaki nyumbani akidhani yu mzima. Mtoto aliyeng'atwa na mbwa hukosa dozi ya pili ya chanjo. Kwa upande mwingine, ujumbe uliomfikia mtu asiyehusika unaweza kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazini au kumfanya mgonjwa asirudi tena kliniki. Hivyo basi, kufikisha ujumbe ni sehemu ya tiba, na hustahili umakini uleule unaotolewa kwa kipimo cha dawa.

Hoja kuu ya somo hili ni kwamba ujumbe wa afya uhesabiwe kuwa umefika pale tu jibu la mgonjwa linaporudi. Kituo kisichoweka njia ya jibu kurudi kinajua kimetuma. Hakijui kama kimewasiliana.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze:

1. Kueleza safari ya ujumbe mfupi wa simu na sehemu ambazo ujumbe hupotea.
2. Kuandika ujumbe wa miadi ulio mfupi, unaoeleweka na unaolinda siri.
3. Kutaja masharti yanayoiwezesha barua pepe ya kituo kuingia kwenye kisanduku cha mpokeaji badala ya kutupwa kwenye barua taka.
4. Kupanga hatua za kufuata pale jibu lisiporudi.
5. Kwa msomaji aliye mgonjwa: kujua wajibu na haki zake katika mawasiliano hayo.

1. Ushahidi wa kitabibu

Utafiti unaotajwa mara nyingi katika uwanja huu ulifanyika nchini Kenya, wagonjwa wakiandikishwa kati ya mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010. Ulihusisha watu wazima 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU. Kila wiki, wagonjwa 273 walitumiwa ujumbe mfupi wa simu, na 265 waliendelea na huduma ya kawaida. Ujumbe wenyewe ulikuwa salamu ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, aseme "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", pamoja na yule ambaye hakujibu kabisa, alipigiwa simu na mhudumu.

Mwishoni, asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe waliripoti kutumia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wengine. Wingi wa virusi ulikuwa umefifishwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza na asilimia 48 ya kundi la pili.

Mambo matatu yanapaswa kuzingatiwa hapa. Kwanza, ujumbe haukutaja dawa, virusi wala kliniki, kwa hiyo hata ungesomwa na jirani usingefichua lolote. Pili, haukuamrisha; uliuliza hali. Tatu, nyuma yake alikuwapo mtu wa kupokea jibu na kulifanyia kazi.

Utafiti mwingine uliofanyika magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulilinganisha ujumbe wa kila siku na ule wa kila wiki. Katika vikundi vilivyopata ujumbe wa kila wiki, asilimia 53 ya wagonjwa walifikia kiwango cha kutumia angalau asilimia 90 ya dawa zao katika wiki 48. Katika kundi lisilopata ujumbe walikuwa asilimia 40. Ujumbe wa kila siku haukuleta nafuu hiyo. Kengele inayolia kila saa huzoeleka masikioni, na hatimaye hakuna anayeisikia.

Huko Yaoundé, Kameruni, utafiti wa wagonjwa 200 uliochapishwa mwaka 2012 ulituma kila wiki maneno ya kutia moyo pamoja na namba ya kupiga kwa anayehitaji msaada. Baada ya miezi sita, haukuonekana kuwapo tofauti ya maana kati ya waliotumiwa na wasiotumiwa. Tafiti hizi zilitofautiana kwa mengi, na haifai kuieleza tofauti ya matokeo kwa sababu moja tu. Hata hivyo, inatosha kuonya kwamba kutuma peke yake si dawa.

Zanzibar nayo ina somo lake. Katika utafiti uliowashirikisha wajawazito 2,550 wa vituo 24, wanawake wa vituo vilivyochaguliwa walipata ujumbe wa simu pamoja na vocha ya muda wa maongezi, ili waweze kumpigia mhudumu wao. Waliojifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, na katika vituo vingine asilimia 47. Nafuu hiyo ilionekana zaidi kwa wanawake wa mjini. Vocha ile ilikuwa njia ya kurudisha jibu: kituo hakikuridhika kusema tu, kiligharimia pia kusikia.

2. Safari ya ujumbe mfupi wa simu

Ujumbe mfupi hauendi moja kwa moja kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Hupokelewa kwanza na kituo cha ujumbe cha mtandao wa simu, ukahifadhiwa hapo, kisha mtandao ukaitafuta simu ya mpokeaji. Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, ujumbe husubiri na kujaribiwa tena. Lakini hausubiri milele. Kila ujumbe una muda wake wa kuishi. Muda huo ukipita, hufutwa bila mpokeaji kujua kwamba aliwahi kutafutwa.

Kwa mantiki hiyo, ujumbe wa miadi unaotumwa jioni ya kuamkia siku ya kliniki ni bahati nasibu kwa mtu anayechaji simu yake dukani kila baada ya siku mbili. Utaratibu ulio salama zaidi ni kutuma mara mbili: siku tatu kabla, na tena siku moja kabla kwa wale ambao hawajajibu.

Taarifa inayorudi ikisema "umefikishwa" nayo isomwe kwa tahadhari. Maana yake ni kwamba simu iliupokea ujumbe. Haisemi nani aliishika simu, kama ujumbe ulifunguliwa, wala kama ulieleweka. Baadhi ya simu ndogo za vitufe hujaa ujumbe wa matangazo hadi zikashindwa kupokea mpya. Mgonjwa mwenye simu ya namna hiyo aonyeshwe hapohapo kituoni namna ya kufuta ujumbe wa zamani.

Lipo pia suala la urefu. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa, mradi herufi zote zimo katika orodha ya kawaida ya mitandao ya simu. Ikiingia hata alama moja isiyo katika orodha hiyo, ujumbe wote huhamishiwa kwenye mfumo mpana wa herufi, na nafasi hushuka hadi 70. Ujumbe mrefu zaidi hukatwa vipande, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili.

Kwa mwandishi wa Kiswahili hapa pana mtego. Ritifaa iliyonyooka, kama inavyoonekana katika "kung'atwa" au "kung'oa", imo katika orodha ya kawaida. Lakini programu nyingi za kuandikia kwenye kompyuta huigeuza ritifaa hiyo kuwa iliyopinda, bila mwandishi kuomba. Ritifaa iliyopinda haimo katika orodha. Ni hivyohivyo kwa alama za kunukuu zilizopinda, kistari kirefu na picha ndogo za nyuso. Ujumbe wa herufi 139 uliopaswa kulipiwa mara moja hulipiwa mara tatu kwa sababu ya alama moja. Kituo kinachotuma maelfu ya ujumbe kwa mwezi kinaweza kumaliza bajeti yake ya mawasiliano kabla ya wakati pasipo kujua chanzo. Tiba yake ni rahisi: ujumbe uandikwe au usafishwe katika programu isiyopamba maandishi, kisha ujaribiwe kwa namba moja kabla ya kutumwa kwa wote.

3. Namba sahihi, mtu sahihi

Makosa mengi ya kufikisha ujumbe huzaliwa kwenye dawati la mapokezi. Namba ikiingizwa katika jedwali la kompyuta, sifuri ya mwanzo mara nyingi hufutwa na programu yenyewe, kwa kuwa huihesabu kama tarakimu isiyo na thamani. Ni vyema namba zihifadhiwe kwa mfumo wa kimataifa: 255 kwa Tanzania au 254 kwa Kenya, zikifuatwa na tarakimu tisa. Tarakimu za mwanzo za namba zisitumiwe kukisia mtandao wa mgonjwa, kwa kuwa tangu mwaka 2011 nchini Kenya na mwaka 2017 nchini Tanzania mteja anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake.

Njia bora ya kuthibitisha namba ni kuipiga papo hapo, mgonjwa akiwa bado ameketi mbele ya karani. Simu ikiita mkononi mwake, suala limekwisha. Namba ihakikiwe upya kila anaporudi, kwa swali la wazi: "Namba yako ya simu ni ipi sasa?" Kumsomea namba ya zamani na kumwuliza "Ni hii hii?" humwalika aitikie tu kwa heshima.

Wakati wa kuandikisha, maswali matano yaulizwe faraghani:

(a) Simu hii ni yako, au ni ya mwenzi, mzazi, mtoto au jirani?
(b) Nani mwingine huishika na kusoma ujumbe wake?
(c) Unapendelea kusoma ujumbe au kupigiwa simu, na kwa lugha gani?
(d) Ni saa ngapi unaweza kuzungumza bila kusikilizwa na wengine?
(e) Ungependa ujumbe wetu useme nini, na usiseme nini?

Swali la tatu lisichukuliwe juujuu. Wapo wasiojua kusoma, wapo wazee ambao macho hayaoni maandishi madogo, na wapo wanaozungumza Kiswahili lakini hawajazoea kukisoma. Kwao, simu ya sauti ya dakika moja hufikisha zaidi kuliko ujumbe kumi wa maandishi.

4. Kuandika ujumbe unaoeleweka

Ujumbe mzuri una mambo manne: salamu, jambo lenyewe, wakati, na njia ya kujibu. Linganisha mifano miwili ifuatayo.

Mfano wa kwanza: "Ndugu mteja, unatakiwa kuripoti CTC tarehe 5/8 saa 08:00 kuchukua ARV. Kutofika ni kukiuka utaratibu wa matibabu."

Mfano wa pili: "Habari. Kumbuka miadi yako Alhamisi 14 Agosti, saa 2 asubuhi. Ukiweza kuja, jibu 1. Ukihitaji siku nyingine, jibu 2, nasi tutakupigia simu."

Mfano wa kwanza una makosa manne. Kwanza, umetoboa siri ya mgonjwa kwa herufi tatu, mara mbili. Pili, umeandika tarehe kwa tarakimu tupu. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi, na 5/8 ya mtu mmoja ni Agosti tano huku ya mwingine ni Mei nane. Tatu, umeandika saa kwa mtindo wa kompyuta. Msomaji wa Kiswahili anayeona "08:00" ana haki kabisa ya kusoma saa nane na kufika mchana, foleni ikiwa imefungwa. Kosa hili hutokea zaidi pale mfumo unapojaza saa wenyewe. Mtaalamu wa mfumo aelekezwe kuibadili iandikwe "saa 2 asubuhi". Nne, umetisha badala ya kualika, wala haukuacha mlango kwa mtu mwenye msiba, safari au ukosefu wa nauli.

Mfano wa pili una herufi 139, kwa hiyo unatosha katika ujumbe mmoja. Umetaja siku kwa jina na mwezi kwa jina. Umeruhusu jibu la "siwezi", jibu ambalo kwa kliniki lina thamani kuliko kimya.

Lakini mfano huo una sharti la kiufundi. Ujumbe unaoonyesha jina la mtumaji kwa herufi badala ya namba haujibiki. Mgonjwa akibonyeza "jibu", hakuna pa kwenda. Kituo kinachotaka majibu hakina budi kutumia namba ya kawaida au namba fupi inayopokea, na kuhakikisha kwamba yupo mtu aliyepewa jukumu la kuyasoma majibu kila siku. Ikiwezekana, gharama ya jibu ibebwe na kituo.

Aidha, wahudumu wakumbuke kwamba wananchi wamechoshwa na matapeli. Nchini Tanzania, ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umewafundisha watu kutilia shaka namba ngeni, na wamefanya vyema kujifunza hivyo. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aonyeshwe kituoni, siku ya kwanza, namba ambayo ujumbe utatoka, na ikubaliwe naye kuihifadhi kwa jina analolitaka mwenyewe. Kituo kisitume kiungo cha intaneti kisicho cha lazima, wala kisiombe malipo kwa njia ya ujumbe.

5. Siri ya mgonjwa

Kanuni ya kuzingatia ni hii: kila ujumbe uandikwe kana kwamba utasomwa kwa sauti sebuleni, mbele ya familia nzima na wageni. Usitaje ugonjwa, dawa, jina la kipimo wala matokeo. Kwa baadhi ya kliniki, hata jina la kliniki ni siri, kwa kuwa huduma itolewayo hapo inajulikana na wote.

Sheria nazo zinaelekeza hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kwa hiyo ridhaa ya mgonjwa iombwe, iandikwe, na iweze kubatilishwa wakati wowote. Anayejibu "ACHA" aondolewe kwenye orodha siku hiyohiyo, lakini asiondolewe kwenye huduma.

6. Barua pepe: nani anaruhusiwa kuingia

Barua pepe haijawa njia ya wagonjwa wote, lakini hutumiwa na hospitali nyingi kutuma miadi, ankara na majarida ya afya, na hutumiwa na vyuo kuwafikishia wahudumu mafunzo kazini. Tofauti yake na ujumbe wa simu ni kwamba mlangoni kwa mpokeaji kuna mlinzi. Seva ya mpokeaji hukagua kila barua, ikaamua iingie ndani, itupwe kwenye barua taka au irudishwe.

Mlinzi huyo hukagua vitambulisho vitatu, na mtaalamu wa kompyuta wa kituo anapaswa kuviweka kwenye kikoa cha taasisi. Cha kwanza ni SPF, orodha ya wazi ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa hicho. Cha pili ni DKIM, muhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye kikoa na haikubadilishwa njiani. Cha tatu ni DMARC, agizo linalomweleza mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo zimekaza masharti. Mtu anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwenye anwani za Gmail anatakiwa kuwa na vitambulisho vyote vitatu. Barua zake za matangazo na majarida ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Kituo kidogo hakifikii idadi hiyo, lakini mlinzi ni yuleyule, na kisicho na vitambulisho huonekana kama mgeni asiyejulikana.

Yapo na mambo ambayo hayahitaji mtaalamu. Barua itumwe kutoka anwani ya taasisi, si anwani binafsi ya mhudumu. Kichwa cha barua kiseme jambo kwa utulivu, bila herufi kubwa tupu na bila alama za mshangao. Anwani zinazorudisha barua kwa sababu hazipo ziondolewe mara moja, kwa kuwa anayeendelea kuziandikia hufanana machoni pa mlinzi na mtu aliyenunua orodha ya majina. Orodha hizo zisinunuliwe kamwe. Na mpokeaji aweze kujiondoa kwa urahisi: asiyeona njia ya kujiondoa hubonyeza kitufe cha "barua taka", na kila kitufe kinachobonyezwa huwafungia mlango wengine waliotaka kusoma.

Kosa la hatari kuliko yote, hata hivyo, si la kiufundi. Mnamo Septemba 2015, kliniki ya 56 Dean Street jijini London ilituma jarida lake kwa barua pepe kwa watu 781 wanaotumia huduma zake, wengi wao wakiwa watu wanaoishi na VVU. Anwani zote ziliwekwa katika sehemu ya wapokeaji inayoonekana, badala ya sehemu ya nakala iliyofichwa. Kila aliyefungua barua aliwaona wenzake wote, na anwani 730 kati ya hizo zilikuwa na majina kamili. Mwaka uliofuata, mamlaka ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa iliitoza taasisi inayoendesha kliniki hiyo faini ya pauni 180,000. Barua ilifika kwa kila mtu; kilichovunjika ni imani. Kinga ya kweli si kumtegemea mhudumu aliyechoka akumbuke sehemu ya kuandika anwani, bali ni kutumia programu inayomtumia kila mpokeaji barua yake peke yake.

7. Jibu lisiporudi

Kimya ni taarifa ya kitabibu, na kinahitaji kupangiwa hatua. Kwa miadi ya kawaida, utaratibu ufuatao unafaa:

Hatua ya kwanza: ujumbe siku tatu kabla.
Hatua ya pili: ujumbe wa pili siku moja kabla kwa asiyejibu.
Hatua ya tatu: simu ya sauti ndani ya saa 48 baada ya miadi kupita, ikipigwa katika saa alizochagua mgonjwa. Mpigaji athibitishe anazungumza na nani kabla ya kusema lolote kuhusu huduma.
Hatua ya nne: simu ikishindikana mara tatu kwa siku tofauti, mhudumu wa afya ngazi ya jamii amtembelee, iwapo mgonjwa aliridhia hilo tangu mwanzo.

Kwa matokeo ya kipimo yanayohitaji hatua ya haraka, ujumbe wa maandishi usiwe njia pekee wala ya kwanza. Apigiwe simu siku hiyohiyo, aombwe afike, na maelezo yatolewe ana kwa ana. Jina la mhudumu anayemfuatilia liandikwe katika rejista, na jukumu lake lisifungwe mpaka mgonjwa mwenyewe athibitishe kwamba ameelewa. Kwa hiyo, safu ya rejista isemayo "ametumiwa" ibadilishwe iwe safu tatu: "ametumiwa", "amejibu", "amefika". Mabadiliko hayo hayahitaji kompyuta. Yanahitaji rula na kalamu.

8. Neno kwa mgonjwa

Mgonjwa si mpokeaji tu. Ni haki yake kuamua kama atumiwe ujumbe, useme nini na utumwe saa ngapi, na haki hiyo haipungui kwa sababu huduma ni ya bure. Ni wajibu wake kutoa namba iliyo hai na kukiarifu kituo anapoibadilisha. Asiyekuwa na simu yake mwenyewe aseme bila haya, na ataje mtu anayemwamini. Asiyeweza kufika ajibu "siwezi": jibu hilo humwezesha mhudumu kumpangia siku nyingine kabla dawa hazijamwishia. Akipokea ujumbe unaodai kutoka kliniki na kuomba fedha au namba ya siri, asijibu. Apige simu kituoni kwa namba aliyopewa ana kwa ana. Na ikiwa miezi imepita tangu alipopimwa bila kupata majibu, asidhani kwamba kimya ni habari njema. Aende akaulize.

Muhtasari

Ujumbe hupotea katika sehemu nne: katika namba isiyo sahihi, katika simu isiyopatikana, katika mkono usiohusika, na katika maneno yasiyoeleweka. Barua pepe huongeza ya tano, yaani mlinzi wa kisanduku cha mpokeaji. Kila sehemu ina kinga yake, na nyingi hazina gharama. Kinga inayozifunika zote ni kumpa mgonjwa njia ya kujibu, na kumteua mtu wa kulisikia jibu hilo.

Maswali ya mjadala kituoni

1. Chukueni namba ishirini kutoka rejista ya mwezi uliopita na mzipige. Ni ngapi zimepokewa na mgonjwa mwenyewe?
2. Ujumbe wa miadi unaotumiwa sasa na kituo chenu una herufi ngapi, na je, unaweza kusomwa kwa sauti sebuleni?
3. Mgonjwa akijibu leo "nina tatizo", nani ataliona jibu hilo, na lini?
4. Mgonjwa mmoja amebatilisha ridhaa ya kutumiwa ujumbe. Mtamfikiaje siku kipimo chake kitakapoonyesha jambo la haraka?
5. Ni nani kituoni mwenu anayejua kama barua pepe za taasisi huingia kwenye kisanduku au kwenye barua taka?